Kabla hujauliza bei, jua ekseli yako imetoka wapi

Ingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, useme "naomba hafushafti ya nyuma ya Land Rover 109," na utauziwa hafushafti ya nyuma ya Land Rover 109. Muuzaji hakudanganyi. Atapanda ngazi, atashuka na chuma kirefu kilichopakwa grisi, kile kinachopeleka nguvu kutoka difu hadi kwenye gurudumu, mtavutana kidogo kwenye bei na mtaelewana. Tatizo ni kwamba mmeelewana juu ya gari ambalo huenda halipo tena barabarani, yaani 109, ile Land Rover ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama ilivyotoka kiwandani. Iliyopo ni yako, na yako imeshapita mikononi mwa mafundi kwa miaka arobaini na zaidi.

Yangu kwenye kadi ni Series III ya petroli, na namba ya chesisi inaanza na 913. Kabla ya mwisho wa 1979 tarakimu hizo za mwanzo zilikuwa na maana: 911 hadi 915 ni 109 za petroli za silinda nne, na ndani ya kundi hilo 913 ni zile zilizotoka Uingereza zikiwa vipandevipande kwenye makasha, usukani kulia, zikaunganishwe huko zinakokwenda. Kwa upande wetu wa dunia kulikuwa na kiwanda cha Leyland Kenya pale Thika kilichofanya kazi hiyo kuanzia miaka ya 1970. Mwisho wa namba kuna herufi, A, B, C na kuendelea, ambayo wengi huiruka wakidhani ni pambo. Herufi hiyo ndiyo inayosema gari limeundwa baada ya badiliko lipi, na kitabu cha spea kinaitaja kila ukurasa: kifaa hiki hadi herufi B, kile kuanzia herufi C.

Lakini chesisi inasema habari za chesisi tu. Juu yake nina injini ya 2.25 ya petroli yenye krenki ya beringi kuu tano, na hiyo ilianza kuwekwa mwaka 1980. Za kabla ya hapo zina tatu. Giaboksi ni ya Series IIA, toleo lililotangulia III. Hilo halihitaji kitabu, maana ukirudi gia ya pili bila kukanyaga klachi mara mbili inakusonya. Series III ina sinkro, vile vifaa vinavyolainisha kuingia kwa gia, kwenye gia zote nne za mbele, IIA inazo kwenye ya tatu na ya nne peke yake. Ekseli ya nyuma nayo ni ya IIA, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike yote haya.

Mchanganyiko wa namna hii si uzembe wa mtu. Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na kuanzia Series II ya 1958 hadi Series III ilipokoma 1985, kiwanda cha Solihull kilikuwa kikibadilisha kitu kimoja kimoja, polepole, bila kulitupa gari zima na kuanza upya. Mlango wa mwaka huu unakaa kwenye fremu ya miaka kumi nyuma. Rimu ina matundu matano kwenye duara la milimita 165.1, na duara hilo halikubadilika mpaka Defender, mrithi wa Series, ya mwisho ilipotoka kiwandani Januari 2016. Range Rover ya kwanza na Discovery ya kwanza zinalo hilohilo. Fundi wa Mgeta, kule milimani Uluguru, mwenye abiria na magunia ya karoti juu ya gari, na ekseli imekufa, atafanya nini? Atachukua iliyo karibu. Itaingia, gari litaondoka, na hakuna atakayeandika popote.

Miaka ikipita gari linauzwa, linauzwa tena, halafu anakuja mtu kama mimi na kadi yake mkononi.

Hafushafti ilikatika kwenye mlima, ukasikika mlio mmoja mkavu na gari likaacha kuvuta huku injini ikiendelea kunguruma kana kwamba haijui kilichotokea. Kwa Land Rover ya zamani hii si dharura kubwa. Hafushafti yake haibebi gurudumu, inalizungusha tu. Unafungua bolti za kifuniko cha habu, unaichomoa, gurudumu linabaki limekaa kwenye beringi zake. Unaweka gia ya magurudumu manne na kurudi nyumbani ukivutwa na magurudumu ya mbele. Wenye magari mapya ya kompyuta huwa hawaamini nikiwasimulia.

Nilimpelekea vipande mzee mmoja fundi hapa Morogoro ambaye Land Rover zinazopanda Uluguru amezilea tangu mwenyewe akiwa msaidizi wa kuosha nati kwa mafuta ya taa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na mgonjwa au na maiti?"

Nikamwonyesha. Hakuangalia mahali ilipokatikia. Aliangalia ncha ya ndani, akapitisha kidole cha gumba kuhesabu meno, kisha akaingia chini ya gari na kurudi anacheka.

"Kijana, gari lako lina tako la mwenzake."

Maelezo yake ni haya, na ni ya kukariri kwa yeyote mwenye 109. Kuanzia Series III ya miaka ya mwanzoni mwa 1970, 109 ziliwekewa nyuma ekseli nzito iitwayo Salisbury. Ukiitazama kwa nyuma ina kifuniko kilichozungushiwa bolti, na hafushafti zake zina meno 24. Kabla ya hapo 109 ilitumia ekseli ya Rover ileile ya 88, Land Rover fupi: nyuma yake ni bakuli laini lisilo na bolti, difu inachomolewa kwa mbele, na hafushafti zina meno 10. Ile ya meno 10 ndiyo yenye sifa mbaya ya kukatika. Yangu ilikuwa ya Rover. Kwa hiyo hafushafti ya "Land Rover 109 Series III," jenyuini kabisa, ndani ya boksi lenye nembo, isingeingia hata kwa nyundo. Na ya 88, ambayo muuzaji angeapa si yangu, ingeingia bila neno.

Kuna na pande. Difu ya Land Rover hizi imekaa upande wa kulia wa gari, kwa hiyo hafushafti ya kulia ni fupi na ya kushoto ni ndefu. Ukiagiza "hafushafti" bila kutaja upande umecheza bahati nasibu.

Nilikwenda Dar kwa treni ya SGR nikiwa na vile vipande viwili ndani ya kiroba. Kwenye mashine ya ukaguzi waliviangalia kwa muda, wakaniuliza ni nini, nikasema hafushafti, na mmoja wao akauliza kama ni ya 109. Nchi hii bado ina watu.

Kule dukani sikutaja gari kabisa. Nililaza sampo juu ya meza na kusema nataka inayofanana na hii, ya upande wa kushoto, meno kumi. Hii ndiyo desturi ya mafundi wetu, "leta sampo," na kuna watu wanaoidharau wakiona ni ya kutojua namba. Mimi naiona ni ya kisayansi kuliko namba. Namba ya spea inataja kile ambacho kiwanda kiliweka. Sampo inataja kile kilichomo. Kwenye gari ambalo halijawahi kufunguliwa vitu hivyo viwili ni kimoja. Kwenye la kwangu vimeachana zamani. Sampo ina udhaifu wake pia, kwamba iliyochakaa au kupinda itakupa vipimo vya uchakavu, kwa hiyo natembea na venia, kile kipimo cha unene, mfukoni na sehemu ninayopima ni ile isiyosuguana na kitu.

Muuzaji wa kwanza alinipa ya Defender 90. Meno kumi, unene uleule, mpya. Tukazilaza pamoja na ikawa ndefu zaidi. Hapo kuna jambo zuri la kuelewa: Defender za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina difu ya Rover ya meno kumi, na difu hiyo inaingia kwenye ekseli yangu bolti kwa bolti. Hafushafti zake haziingii, kwa sababu Defender ni pana. Umbali kati ya magurudumu yake ya kushoto na kulia ni milimita 1,486 na wa Series ni kama 1,308. Kitu kimoja cha ekseli ileile kinaingiliana, cha jirani yake hakiingiliani. Ndiyo maana jibu la "spea za Defender zinaingia kwenye Series?" haliwezi kuwa ndiyo wala hapana.

Na difu kuingia hakumaanishi uiweke. Hapa ndipo nimeona watu wazima wakiharibu magari yao. Difu ya Series ina krauni, gia kubwa, ya meno 47 na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ya meno 10, uwiano wa 4.7. Ya Range Rover ya zamani na Defender ina 46 kwa 13, yaani 3.54. Ukiibadili, gari linaenda kasi zaidi kwa karibu theluthi moja injini ikiwa kwenye mzunguko uleule, na anayesafiri barabara ya lami ya Dodoma atakuambia amezaliwa upya. Lakini injini ya petroli ya 2.25 ina nguvu za farasi kama 70 tu. Mpe mzigo, mpeleke Mgeta, na gia ya nne itakuwa ya kuning'inia kama pambo. Halafu kuna lile kosa kubwa: kuweka 3.54 nyuma na kuacha 4.7 mbele kwa sababu ilipatikana moja. Barabarani kwa magurudumu mawili hutajua. Siku ukinasa kwenye tope ukaweka magurudumu manne, mbele na nyuma vinataka kwenda mwendo tofauti, na kwenye Land Rover hizi hakuna difu ya katikati ya kusuluhisha. Kitakachokatika kitachaguliwa na chuma chenyewe. Difu zote mbili, au usiguse. Na kama nyuma una Salisbury, ya mbele ya Rover utaipata kwa urahisi, ila ya 3.54 ya Salisbury lazima itoke kwenye 110, na wenye 110 hawaachii.

Beringi ni eneo la raha. Beringi haijui gari. Chukua ile ya kawaida ya gololi iliyoandikwa 6205: tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu la ndani, milimita 25, kwa nje ni 52, unene 15. Namba hiyo ni ileile kwenye mashine ya kusaga, pampu ya maji au mota ya feni, na bei yake duka la beringi ni ndogo kuliko bei ya boksi lililoandikwa jina la gari. Kanuni ya kuzidisha kwa tano inaanzia 04. Chini ya hapo usiitumie, 6203 ni milimita 17. Beringi za magurudumu za Land Rover ni za roli mshazari, na zina namba mbili, ya koni ndani na ya kikombe nje, zimechongwa kwenye chuma. Safisha kwa petroli, soma kwa tochi. Oili sili ni rahisi zaidi, vipimo vyake vitatu vimeandikwa usoni: ndani, nje, unene. Ninachokataa ni kununua koni mpya na kuiacha ikae kwenye kikombe cha zamani. Zinaingia, ndiyo, na zitalia baada ya muda mfupi.

Bolti ni eneo la machozi. Series ilizaliwa wakati Waingereza wana mifumo yao ya nyuzi, ikahamia mingine ya inchi, ikaishia kuingiliwa na milimita. Gari moja linaweza kuwa na mifumo mitatu. Spana ya 19 inakaa vizuri kabisa kwenye nati ya robo tatu inchi, maana hiyo ni milimita 19.05, na ukishazoea hivyo unadhani nyingine zitafanana. Nusu inchi ni 12.7, spana ya 13 inaingia, inalegea, inakula kona za nati mpaka inakuwa duara. Mbaya zaidi ni bolti ya M8 kwenye tundu la inchi 5/16. Unene ni karibu sawa, milimita 8 kwa 7.94, kwa hiyo inashika mizunguko miwili ya kwanza kwa upole. Kisha inakaza. Fundi mwenye haraka anasema "inabana vizuri," anaongeza bomba kwenye spana, na nyuzi za alumini za giaboksi zinatoka kama chengachenga. Nunua kipimo cha meno ya bolti, kile chenye visu vingi vidogo. Ni kifaa cha bei ya chakula cha mchana.

Rimu nilizozisifu hapo juu zina mtego huohuo: duara ni moja tangu 1948, lakini stadi, zile bolti zinazoshika rimu, za zamani ni za inchi 9/16 na za kuanzia takriban 1980 ni za milimita 16. Habu ikiwa imebadilishwa upande mmoja tu, utakuwa na gari linalohitaji nati za aina mbili, na siku ya pancha ndiyo utakayojua.

Umeme niseme kwa ufupi. Land Rover za mpaka karibu 1967 ziliunganishwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Ukipachika alteneta ya kawaida bila kugeuza betri, diodi zinaungua papo hapo. Angalia nyaya kabla ya kufunga, basi.

Breki, hapana. Hapo sina utani wala ubunifu. Ngoma za 88 nyingi ni za inchi 10 na za 109 ni za inchi 11, na mtu aliyepachika ekseli kutoka 88 amekuachia breki za gari jepesi chini ya gari zito. Pima kabla ya kununua viatu vya breki. Masta silinda ya njia moja na ya njia mbili zinaweza kufanana kwa mtu anayeangalia kwa mbali. Mipira ya ndani ya silinda ya kipimo "kinachokaribiana" inaingia na kushika siku mbili tatu tu. Nimeona pia watu wakijaza mafuta ya injini au ya haidroliki pale maji ya breki yalipoisha. Mipira inavimba, breki zinashika zenyewe, na dawa yake ni kubadili kila mpira kwenye mfumo mzima. Kwenye breki nanunua mpya, kwa kipimo, na sampo inakuwa ni ya kuthibitisha tu.

Kuhusu injini kuna ubishi usioisha pale gereji. Injini ya 200Tdi, ya dizeli yenye tabo, inafungwa kwenye giaboksi ya Series bila sahani ya katikati, kwa sababu ni mjukuu wa ileile 2.25 na matundu ya nyuma yalibaki palepale. Ina nguvu za farasi kama 110. Watu wanaiweka na kufurahi, na sina kinyongo, ila nguvu hiyo inapita kwenye giaboksi na hafushafti zilizoundwa kwa 70. Mzee wangu anasema gari likipewa injini ya 200Tdi, mwenye gari ajiandae kufahamiana na fundi wa giaboksi kwa jina la utani. Wengine wanaweka dizeli za Kijapani, na wakiambiwa wameharibu gari la kale wanajibu kwamba Land Rover wenyewe waliuza za injini ya Isuzu kule Australia miaka ya 1980. Ni kweli waliuza. Ila kule kiwanda kilipanga pia giaboksi ya kuendana nayo. Na ukibadili injini nenda TRA namba ibadilishwe kwenye kadi, maana trafiki akifungua boneti hatapima nguvu za farasi, atasoma namba.

Mimi nimebaki na petroli. Silinda zina kipenyo cha milimita 90.47, bado zina nyama ya kuchongwa upya, na pistoni za ovasaizi, kubwa kidogo kuliko za kiwandani, zinapatikana. Hafushafti ya kushoto nilipata duka la tatu, chini ya rundo la springi, haina boksi wala jina. Tuliilaza na sampo ikalingana kila mahali. Muuzaji aliniuliza ni ya gari gani, nikamwambia ni ya hii hapa mezani.

Sasa nasaka giaboksi, maana kukanyaga klachi mara mbili kunachosha. Ya Series III siwezi kuinunua peke yake: klachi ya IIA ya awali ni inchi 9 na ya III ni 9.5, kwa hiyo inabidi ije na flaiwili, bel-hauzingi, na silinda ya chini ya klachi ambayo kwenye III imekaa mahali pengine. Yaani nahitaji gari la kukata. Liko moja Kihonda, hapa Morogoro, 109 kamili kwa chini, ambalo kwa juu limekuwa banda la kuku kwa miaka. Bei ya gari tumeshaelewana na mwenye nalo. Kinachobishaniwa ni nani atawajengea kuku banda jipya.